Samaki wa miso kwa nyumba yenye watoto wadogo

Swali: Tunaishi Mombasa, nina watoto wawili, mmoja wa mwaka mmoja na miezi minane, mwingine wa miaka mitano. Nimejaribu kupika samaki wa Kijapani anayelazwa kwenye miso (rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi), lakini kila mara anatoka na chumvi kali, nje ameungua na ndani hajaiva. Mapishi karibu yote yanataka sake na mirini, vileo vya Kijapani vya mchele, nasi ni Waislamu. Je, anaweza kupikwa akawafaa watoto? Nguru wetu anafaa? Na naweza kuwaandaa wa wiki nzima nikawagandisha?

Jibu: Dada, chumvi kali na kuungua ni matatizo mawili yenye chanzo kimoja: miso imezidi. Mapishi mengi yanakuambia umfukie samaki ndani ya miso kwa siku mbili au tatu. Njia hiyo ina sababu yake. Kyoto, mji wa Japani ulio nyumbani kwa miso nyeupe iitwayo saikyo, iko mbali na bahari. Samaki walibebwa kwa miguu kutoka pwani ya Wakasa, mwendo wa kilomita 70 hivi, wakiwa wametiwa chumvi wasioze. Kumfukia samaki kwenye miso kulimpa siku zaidi za kukaa. Wewe una friji. Unachotaka kwenye miso ni ladha na rangi, na hivyo viwili huja kwa kiasi kidogo sana cha miso.

Basi acha kufukia, anza kupima. Chukua miso nyeupe yenye uzito wa asilimia 15 ya samaki: kwa gramu 400 za mnofu, gramu 60 za miso, yaani vijiko vikubwa vitatu vilivyojaa kidogo. Miso nyeupe ya aina ya saikyo ina chumvi ya asilimia 6 hivi, kwa hiyo gramu 60 zina chumvi gramu 3.6. Hata kama chumvi yote ingeingia kwenye samaki, na haiingii yote kwa sababu utaifuta miso kabla ya kupika, kila gramu 100 za samaki zingepata gramu 0.9. Huo ndio uzuri wa kupima: unajua kiwango cha juu kabla hujawasha moto. Ukimfukia samaki kwenye nusu kilo ya miso, hakuna hesabu inayowezekana. Hapo kinachotawala ni muda tu, na ukipitiwa kidogo samaki amekuwa ng'onda.

Mashirika ya Marekani yanayosimamia chakula na mazingira yanapendekeza gramu 28 hivi za samaki kwa mlo mmoja kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3, na gramu 56 hivi kwa wa miaka 4 hadi 7, mara mbili kwa wiki. Kwa kipimo chetu, mdogo wako atapata chumvi isiyozidi gramu 0.25 na mkubwa gramu 0.5. Uingereza inaweka ukomo wa gramu 2 za chumvi kwa siku kwa umri wa mwaka 1 hadi 3, na gramu 3 kwa miaka 4 hadi 6. Japani, ambako miso na sosi ya soya ziko mezani kila siku, mwongozo wa mwaka 2020 uliruhusu zaidi kidogo: chini ya gramu 3 kwa mwaka 1 na 2, chini ya gramu 3.5 kwa miaka 3 hadi 5. Fuata ule mkali. Samaki huyu ataingia humo bila shida, mradi wali wa siku hiyo usitiwe chumvi na mboga ziwe za kuchemshwa tu.

Sasa angalia pakiti yako kabla ya kupima, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Miso inayopatikana kwa urahisi nje ya Japani mara nyingi si saikyo. Ni ile ya rangi ya njano iliyokolea au nyekundu, na hiyo ina chumvi ya asilimia 12 hadi 13, mara mbili ya nyeupe. Kama ndiyo uliyo nayo, tumia gramu 30 badala ya 60, uongeze kijiko kikubwa kimoja cha sukari na vijiko vikubwa viwili vya maji. Chumvi itabaki ileile, na ule utamu ambao miso nyeupe huupata kwenye mchele uliochachushwa utakuwa umeurudisha kwa sukari. Pakiti ikionyesha sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Soma pia orodha ya viambato: viwanda vingi huongeza alkoholi kidogo kwenye miso ili isiendelee kuchachuka na kutunisha pakiti. Kwa nyumba yenu, tafuta isiyo nayo au yenye alama ya halali. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na alkoholi ya asilimia 2 hivi inayozaliwa humohumo ndani. Wapo wanaoiona haina neno na wapo wanaoiepuka, na chupa zenye alama ya halali zipo.

Sake na mirini usizihesabie hasara. Sake kazi yake kubwa ni kupunguza shombo, na mirini huleta utamu na mng'ao. Mirini halisi ina alkoholi ya asilimia 14 hivi, na kuichemsha hupunguza alkoholi bila kuimaliza. Weka pembeni zote mbili. Pale pishi linapotaka kijiko kikubwa cha mirini, tia kijiko kikubwa cha maji na kijiko cha chai cha sukari. Pale linapotaka sake, tia maji ya tufaha yasiyoongezwa sukari, au maji matupu. Shombo utaiondoa kwa kumkausha samaki vizuri, na kwa kweli njia hiyo inashinda sake.

Rojo la gramu 400 za samaki basi ni hili: miso nyeupe gramu 60, maji ya tufaha kijiko kikubwa kimoja, mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kijiko cha chai kimoja. Koroga mpaka lilainike lipakike kama siagi. Usitie tangawizi mbichi humu, wala limau. Tangawizi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na ikikaa na samaki usiku kucha mnofu hugeuka uji. Papai bichi tunalolainishia nyama usilisogeze kabisa karibu na samaki. Asali wengine huitia badala ya sukari. Kwa watoto wako umri unaruhusu, lakini huungua upesi, na nyumba yenye mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kwa namna yoyote, hata iliyopikwa, kwa hofu ya sumu ya botulini.

Kuhusu nguru: hujakosea hata kidogo. Samaki anayetajwa sana Kyoto kwa pishi hili ni sawara, naye ni wa jenasi moja na nguru wetu, Scomberomorus. Mnofu wake ni mweupe, laini, usio na uzi mgumu, na hupokea miso vizuri. Tahadhari ni ukubwa wake. Nguru hula samaki wenzake, na kadiri anavyozeeka zebaki hujilimbikiza mwilini mwake. Kwa watoto chagua nguru mdogo, na usimfanye samaki wa kila wiki. Papa, nduaro na jodari wakubwa usiwawekee watoto wadogo. Changu anafaa sana kwa kubadilisha, mnofu wake mweupe hauna mafuta mengi. Kolekole yuko katika familia moja na buri, samaki ambaye Wajapani humpenda kwa teriyaki, yaani kwa mchuzi mtamu wa sosi ya soya. Tasi, pamoja na utamu wake, ana miiba mingi mno kwa mtoto wa mwaka na nusu.

Mwambie muuza samaki akutolee mnofu badala ya kukata mapande ya mviringo. Pande la nguru lina uti katikati na vijiba vidogo kandokando ambavyo mtoto hawezi kuvitambua mdomoni. Ukishapata mnofu, pitisha ncha ya kidole kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani katikati ya mnofu. Miiba itakuchoma. Ing'oe kwa kibano, ukiivuta kuelekea upande wa kichwa ilikoinamia, la sivyo inararua nyama. Kwa sehemu ya mtoto mdogo ni afadhali ukate kabisa ule mstari wa miiba kwa kisu na kuutupa. Kata vipande vya unene wa sentimita 2. Vikizidi hapo, utarudi kulekule kwenye nje kuungua na ndani kubichi.

Kukausha ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua. Vipande vya watu wazima nyunyizia chumvi kidogo, robo ya kijiko cha chai kwa gramu 200, acha dakika 20 kwenye friji. Utaona maji yametoka, na shombo imo ndani ya maji hayo. Futa kabisa. Vya watoto usitie chumvi: vifunge kwa karatasi nene ya jikoni, viweke kwenye friji saa moja, ubadilishe karatasi mara moja katikati. Samaki aliyekuwa amegandishwa anahitaji uangalifu zaidi. Myeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza, kisha umkaushe mara mbili. Asipokauka, maji yake huichujusha miso, rojo linateleza, na kwenye kikaango anachemka badala ya kukaangika.

Paka rojo pande zote isipokuwa ngozi, weka kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka sehemu ya chini ya friji kwenye baridi isiyozidi nyuzi 4. Vipande vya watoto viwe na mfuko wao na robo yao ya rojo, ili usijikute unakisia. Vyao saa 3 hadi 6 zinatosha. Vya watu wazima saa 12 hadi 24. Kuacha samaki nje akolee ni hatari katika joto la pwani, hata kwa nusu saa. Nguru, vibua na jodari wana kitu mwilini ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini joto linapopanda, na histamini ikishazaliwa haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kwa siki. Mtoto huwa mwekundu usoni, huwashwa, mdomo humwaka kama amekula pilipili, na mzazi hudhani ni mzio. Kwa sababu hiyohiyo nunua samaki aliyelala kwenye barafu, na barafu imfuate mpaka nyumbani.

Haya, moto. Miso ina sukari na protini zilizokwisha kuvunjwavunjwa, na hivyo viwili vikikutana na joto kali hubadilika rangi haraka, kisha huwa vichungu. Kwa hiyo miso iliyobaki juu ya samaki haina kazi tena, imekwisha kutoa ilichokuwa nacho. Ipangue kwa mgongo wa kisu, kisha futa kwa karatasi yenye unyevunyevu mpaka uuone mnofu wenyewe. Usimwoshe chini ya bomba, atanyonya maji. Mtoe kwenye friji dakika 10 kabla ya kupika, si zaidi: kipande kilicho baridi katikati ndicho kinachobaki kibichi.

Kwenye oveni, washa nyuzi 200 mpaka ipate joto kweli, weka samaki juu ya waya, chini yake trei yenye foili, dakika 10 hadi 12 kwa unene wa sentimita 2. Ncha nyembamba zikianza kukoza rangi, zifunike kwa vipande vya foili. Kwa kikaango, tandika karatasi ya kuokea, ipake mafuta kidogo, anza na upande wa ngozi kwa moto wa wastani unaoelekea kuwa mdogo, dakika 5, geuza, funika, dakika 3 au 4 nyingine. Karatasi huzuia miso isishike chini, na kwa nyumba isiyo na oveni njia hii ndiyo bora kabisa. Wanaobanika kwenye jiko la mkaa wasubiri makaa yafunikwe na majivu meupe, wavu uwe sentimita 15 juu yake, na wageuze kila dakika mbili. Moto ukiruka, mwondoe samaki kwanza ndipo uutulize. Ameiva pale mnofu ulipobadilika wote kuwa mweupe usiopenya mwanga na unaachana vipande ukiubonyeza kwa uma. Kama una kipimajoto, nyuzi 63 katikati ya kipande kinene. Usitegemee miso au siki kuua minyoo ya samaki, kazi hiyo ni ya moto.

Mara samaki akitoka mgumu na mkavu, chumvi ilikaa muda mrefu au moto ulikuwa mrefu. Kwa nguru hilo hutokea upesi kuliko kwa gindara, samaki wa Pasifiki ya Kaskazini anayepikwa sana kwa miso kwenye mikahawa, ambaye mafuta yake mengi humsamehe mpishi. Ndiyo sababu ya kile kijiko cha mafuta kwenye rojo. Akitoka anavurugika kama uji, alilala siku nyingi kwenye miso isiyochemshwa kiwandani, ambayo vimeng'enya vyake bado viko hai.

Mtoto wako mdogo mpe sehemu ya katikati ya kipande, toa ngozi na ule utando wa juu uliokoza rangi, kwa sababu chumvi nyingi iko kwenye milimita chache za nje. Mvunjevunje kwa vidole vyako, si kwa uma, kwa kuwa kidole ndicho kinachogundua mwiba. Mchanganye na wali laini au viazi vilivyopondwa. Na kama hajawahi kula soya, ngano au samaki wa aina hiyo, usimjaribishe vyote siku moja. Sosi ya soya nyingi zina ngano, na baadhi ya miso hutengenezwa kwa shayiri. Akivimba midomo, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Siku ambayo huna saa za kungoja, tumia sosi ya soya, lakini ijue nguvu yake: kijiko kikubwa kimoja kina chumvi gramu 2.6 hivi. Kwa teriyaki huhitaji kumlaza samaki hata kidogo. Kausha vipande, vipake unga kiduchu, kaanga mpaka viive, kisha toa vya watoto. Hapo ndipo umimine kwenye kikaango kijiko kikubwa kimoja cha sosi, viwili vya maji na kimoja cha sukari, uache vitokote mpaka vishike vipande vya wakubwa. Watoto wapate nusu kijiko cha chai cha mchuzi huo juu ya wali. Familia nyingi za Kijapani hufanya hivyohivyo: sehemu ya mtoto hutengwa kabla viungo havijaingia.

Mtoto wa miaka mitano nadhani atapenda zaidi tatsutaage, pishi linalotumika sana hata kwenye chakula cha shule huko Japani. Vibua wanafaa sana. Kata gramu 300 za mnofu usio na miiba vipande vya sentimita 3, tia vijiko viwili vya chai vya sosi ya soya na kimoja cha maji ya tangawizi, acha kwenye friji dakika 15 tu, chuja na ufute. Muda ni mfupi, kwa hiyo hapa tangawizi haina madhara. Viringisha kwenye wanga wa viazi, au konflawa kama huna, kung'uta, ngoja dakika 3 wanga unyonye unyevu, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170 kwa dakika 3. Wanga usiponyonya unyevu kwanza hubanduka wote kwenye mafuta.

Kugandisha unaweza, na miso inakubali vizuri. Paka rojo kwa kipimo kilekile, weka kila mlo kwenye mfuko wake uliobapa, andika tarehe, uingize kwenye friza mara moja bila kusubiri akolee. Akiwa ameganda hakolei kwa kiasi cha kujali. Atakolea atakapokuwa anayeyuka ndani ya friji, saa 10 hadi 12, kwa hiyo mhamishe usiku upike kesho yake. Tumia ndani ya wiki tatu. Sharti ni samaki awe hajawahi kugandishwa: kama muuzaji alimtoa kwenye friza, usimrudishe akiwa mbichi. Mpike wote, na kilichobaki kikae kwenye friji siku mbili, ukikipasha mpaka kifuke moshi. Rojo lililomgusa samaki mbichi litupe, hata kama linaonekana zuri, na la mezani, kama watu wazima wanalitaka, litengwe kwenye bakuli jingine tangu mwanzo.